Mwiko na Kibali: Nusu Karne ya Mafundi wa Dodoma

Mjomba wangu alishuka stesheni ya Dodoma katikati ya miaka ya sabini, akitokea Manyoni, na mfuko wenye mwiko, timazi na kamba ya kuvutia mstari. Kwao walikuwa wameambiwa serikali inahamia Dodoma na waashi watagombewa. Hawakudanganywa. Tarehe 1 Oktoba 1973 TANU ilikuwa imeamua makao makuu yaondoke Dar es Salaam katika muda wa miaka 10, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Jina hilo refu lilibaki kwenye barua. Mjini iliitwa CDA, mpaka siku ilipokufa.

Mji wote ulichorwa. Kazi hiyo walipewa Project Planning Associates, kampuni ya Toronto, Kanada, na ramani ikawa tayari mwaka 1976. Haikutaka maghorofa ya kujionyesha. Ilitaka vitongoji vyenye shule na soko karibu, mtu aende kwa miguu au kwa basi. Kwa fundi, ramani ile ilikuwa ahadi ya mshahara: nyumba za watumishi, ofisi, mitaro, barabara. Mjomba alikuwa akisema miaka ile ya mwanzo hukuwahi kuulizia kazi, kazi ndiyo iliyokuulizia wewe.

Yaliyofuata yanajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, Idi Amin akavamia Kagera 1978, mafuta yakapanda bei tena 1979. Saruji ikaadimika nchi nzima na kugawiwa kwa vibali, na sisi huku tuko kilomita zipatazo 450 kutoka kiwanda cha Wazo Hill. Miaka 10 ikaisha, wizara zikiwa zimebaki Dar. Bunge lenyewe lilikuja kutia nanga Dodoma mwaka 1996.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wakisimulia habari ya Dodoma hulaumu ukosefu wa fedha kisha wakanyamaza. Fedha ziliondoka, masharti yakabaki. Ardhi ya eneo la makao makuu ilikuwa mikononi mwa CDA, na mwananchi alipangishwa kwa miaka 33, wakati kwingineko nchini hati ya miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida. Piga hesabu mwenyewe. Aliyepata kiwanja 1985, ikifika 2005 amebakiwa na miaka 13. Ataenda benki kukopa nini? Na kabla ya kugusa msingi alitakiwa awe na kiwanja kilichopimwa, michoro na kibali. Masharti yaliyotungwa kwa mji uliotarajiwa kumiminiwa fedha za serikali yakaachwa yasimamie mji wa wakulima wa zabibu, makarani na wachuuzi, wanaojenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, bati Mungu akijalia.

Tazama nyumba moja tu ya vyumba vitatu. Yuko fundi na saidia fundi wawili. Yuko mchoma tofali. Yuko kijana wa mkokoteni anayeleta maji kwa madumu. Chini ya kilima yuko mama anayeponda kokoto: analizungushia jiwe kipande cha mpira wa tairi ili vipande visirukie machoni, anagonga, anajaza debe, anauza kwa debe. Na yuko mama ntilie anayewakopesha wote hao ugali mpaka Jumamosi. Kibali kikikawia miezi sita, anayeonekana kuumia ni mwenye kiwanja. Wale wengine hawamo kwenye jalada lolote.

Watu hawakuacha kujenga, ila walihamia gizani. Chang'ombe ya hapa Dodoma ilikua hivyohivyo, kibali au bila kibali, na mafundi wa rika la mjomba wanasimulia kuta zilizopandishwa usiku na siku za mapumziko, wakati wakaguzi wako majumbani. Malipo yalikuwa madogo kwa sababu kesho ukuta ungeweza kupigwa alama ya X na kubomolewa. Mjomba alikuwa na neno lake kuhusu hilo. "Mwanangu, ukuta utakaobomolewa hauna haja ya timazi." Kanuni iliyowekwa ili mji ujengwe vizuri ikawa inawafundisha mafundi kujenga vibaya, tena haraka.

CDA nao niwape haki yao. Barabara pana za Dodoma na viwanja vilivyonyooka ni kazi ya CDA, na ukitoka Manzese ya Dar ukafika hapa utaiona tofauti bila kuonyeshwa. Lakini mpangilio mzuri hauwi mbadala wa ajira.

Mambo yaligeuka ghafla. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kweli, na Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Tarehe 15 Mei 2017 CDA ikavunjwa, shughuli zake zikaenda manispaa, na ikaelekezwa hati ziwe za miaka 99. Mwaka uliofuata manispaa ikawa jiji. Aprili 2019 ofisi za wizara kule Mtumba zikazinduliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179.

Kazi zikarudi, nani atabisha? Ila si kwa sura ileile. Majengo makubwa yanakwenda kwa wakandarasi wenye mashine ya kuchanganya zege, na fundi wa mtaani anaingia pale kama kibarua wa kutwa. Mkate wake hasa bado uko kwenye nyumba ya vyumba vitatu, ya mwalimu au ya muuza nguo wa Sabasaba, na nyumba hiyo bado inasubiri kibali, safari hii cha jiji.

Basi nawaomba madiwani wetu jambo moja. Nyumba ya chini, ya kuishi, kwenye kiwanja kilichokwisha kupimwa, ipewe mchoro wa kawaida ulioidhinishwa tayari, na kibali chake kitoke ofisi ya kata ndani ya siku zinazotajwa wazi ukutani. Ghorofa zikaguliwe mtakavyo.