Dawa ya sukari iliyotangulia maelezo yake

Kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, sifa humwendea Frederick Banting, mmoja wa wagunduzi wa insulini, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Anastahili. Lakini wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili hapa Afrika Mashariki hawajichomi sindano, wanameza vidonge. Kimojawapo ni glibenklamidi, ambayo wengi wameizoea kwa jina la Daonil. Historia ya jamii hiyo ya dawa, salfoniluria, haisimuliwi, ingawa watu walizimeza kwa karibu miaka 30 kabla ya mwanasayansi yeyote kujua zinagusa nini hasa ndani ya chembe ya mwili.

Zilianzia Montpellier, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Profesa Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya jamii ya salfa iliyotambulika kwa namba tu, 2254 RP. Baadhi yao wakashikwa na degedege, wakapoteza fahamu, na wapo waliofariki. Ingekuwa rahisi kuilaumu homa. Janbon na wenzake waligundua kwamba sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno, kisha Janbon akampelekea fumbo hilo Auguste Loubatières, mtaalamu wa fiziolojia wa mji huohuo. Mwezi Juni Loubatières akampa mbwa dawa ile, sukari ikaporomoka. Alipowapa mbwa waliokwisha kuondolewa kongosho, sukari haikushuka. Akahitimisha kwamba dawa hufanya kazi kupitia kongosho, kwa kuisukuma itoe insulini, na miaka yote iliyofuata alilisimamia jambo hilo. Wajerumani walipoibuka na karbutamidi, dawa ya kisukari ya jamii hiyo, mwaka 1955, na tolbutamidi ikafuata mara moja, kazi ya msingi ilikuwa imeshafanyika Montpellier.

Ugomvi mkubwa ukazuka Marekani. Kuanzia mwaka 1961 hospitali za vyuo vikuu 12 zilishiriki katika utafiti uliojulikana kama UGDP, kuona kama kushusha sukari kunaokoa maisha. Matokeo yalitisha. Kati ya wagonjwa 204 waliopewa tolbutamidi, 26 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Kati ya 205 waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikufa 10. Mei 1970 habari zikavuja kupitia shirika la habari za biashara la Dow Jones kabla madaktari hawajaisoma ripoti. Wagonjwa wakawauliza madaktari wao, na madaktari hawakuwa na jibu.

Waliopinga waliunda kamati, wakiongozwa na Robert Bradley wa kliniki ya Joslin, Boston. Walidai kwamba kundi la tolbutamidi lilikuwa na watu wengi zaidi wenye matatizo ya moyo tangu mwanzo, kwamba vifo vilirundikana katika hospitali chache, na kwamba kila mgonjwa alipewa kipimo kilekile bila kujali sukari yake. Wakaenda mahakamani kuzuia onyo lisibandikwe kwenye dawa, kisha wakadai wapewe kumbukumbu za wagonjwa wazihesabu upya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1980 iliamua kwamba takwimu zile si mali ya serikali, hivyo sheria haikuwapa haki ya kuzipata. Onyo lilibandikwa mwaka 1984, miaka 14 baada ya habari kuvuja. Miaka yote hiyo hakuna upande uliokuwa na jibu la swali la msingi: je, dawa hii inaugusa moyo, na inaugusa wapi?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1983, na halikutoka mahakamani. Akinori Noma wa Japani, akitumia mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann ya kupima umeme unaopita katika chaneli moja tu ya chembe, alikuta katika misuli ya moyo mlango wa potasiamu unaofungwa na ATP, ile kemikali inayobeba nishati ya chembe. Mwaka uliofuata Frances Ashcroft na wenzake huko Oxford waliona mlango wa potasiamu wa chembe za kongosho ukifungwa na glukosi. Mtu akila, chembe hiyo huvunja sukari, ATP huongezeka, mlango hufungwa, umeme wa chembe hubadilika, kalsiamu huingia, na insulini hutoka. Salfoniluria huufunga mlango huohuo bila kusubiri chakula. Ndiyo maana wagonjwa wa Janbon walianguka.

Chaneli hizo zilipochambuliwa kijenetiki katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba sehemu inayopokea dawa kwenye kongosho si sawa na ile ya moyo. Glibenklamidi hushika zote mbili. Tolbutamidi, iliyoshitakiwa miaka yote ile, hushika ya kongosho kwa nguvu na ya moyo kwa udhaifu sana. Kwa maoni yangu, ugomvi ule ungekuwa mfupi zaidi kama fedha zilizowalipa mawakili zingeenda maabara.

Faida kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 2004, pale Anna Gloyn, Andrew Hattersley na wenzao walipoonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopata kisukari katika miezi ya mwanzo ya maisha wana kasoro ya jeni inayoacha mlango huo wazi. Mwaka 2006 wagonjwa 49 wa aina hiyo walijaribiwa kwa vidonge vya salfoniluria, na 44 wakaacha kabisa sindano za insulini.

Kwetu maarifa haya yamechelewa kufika kwenye dirisha la duka la dawa. Shirika la Afya Duniani liliiondoa glibenklamidi katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2013, likaweka gliklazidi, kwa sababu ile ya zamani huwashusha sukari kupita kiasi wazee wa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo bado wapo wazee wanaoimeza asubuhi kabla ya chai, bila kupimwa figo na bila kuambiwa kwamba siku ya kukosa chakula kidonge hicho kitaendelea kuiamuru kongosho itoe insulini.