Ribiti ya bomba (mpini wa kisu)

Ribiti ya bomba ni kipande kifupi cha bomba la shaba au chuma cha pua kinachobana vibao viwili vya mpini kwenye mkia wa kisu, yaani sehemu ya bapa inayoingia mpinini. Hukatwa kikizidi unene wa mpini kwa takriban milimita 1 kila upande. Midomo ya matundu ya vibao hupanuliwa kidogo. Kisha gololi huwekwa juu ya bomba na kugongwa taratibu kwa nyundo hadi ukingo ufunguke na kulalia kibao. Pigo zito hupasua kibao.

Tundu linalobaki hupitisha kamba, jambo lenye manufaa kwa mvuvi wa Musoma anayetumia kisu mtumbwini, na kwa mfugaji wa Bunda au Butiama. Kando ya Ziwa Victoria, gundi ya epoksi chini ya vibao huzuia maji yasitie mkia kutu.