Miaka 100 ya ndoto ya kurudisha ujana kwa damu

Mwaka 2026 unatimiza karne moja tangu Wasovieti wafungue mjini Moscow taasisi ya kuongezea watu damu. Siku hizi wanasayansi wanapoeleza jinsi damu inavyochangia kuzeeka kwa misuli na ubongo, mwanzilishi wa taasisi hiyo, Alexander Bogdanov, hatajwi sana. Hilo si haki.

Majaribio ya kuunganisha wanyama wawili ili wachangie damu yalianzia Ufaransa. Mwaka 1864, Paul Bert aliwashona panya wawili ubavu kwa ubavu, mishipa yao ikaungana.

Bogdanov alikuwa daktari, lakini pia Mbolsheviki wa mwanzo aliyekuja kukosana na Lenin na kutimuliwa katika kundi lao mwaka 1909. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa riwaya, Nyota Nyekundu, ambamo wakazi wa sayari ya Mirihi hubadilishana damu ili wadumu na ujana. Mwanahistoria Nikolai Krementsov, aliyeandika kitabu kizima kumhusu, anaonyesha kwamba kwa Bogdanov damu ilikuwa siasa pia: wajamaa wanaogawana mali wagawane na uhai. Kijana ampe mzee nguvu, mzee naye ampe kijana kinga ya maradhi.

Alianza na mwili wake mwenyewe. Baada ya kubadilishana damu mara kadhaa, alidai kuwa macho yake yanaona vizuri zaidi na upara umeacha kuenea. Machi 1928, akiwa na miaka 54, alibadilishana damu na mwanafunzi wa miaka 21 aliyeugua kifua kikuu na malaria. Safari hii mambo yaliharibika. Aliugua vibaya, huku akiendelea kufuatilia dalili zake kitabibu, na Aprili 7 akafariki. Wapo walionong'ona kwamba alijiua. Mwanafunzi alipona.

Majaribio ya panya nayo yalirejea baadaye. Miaka ya 1950, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliunganisha jozi 69 za panya. Mwaka 2005 watafiti wa Stanford wakaonyesha kuwa misuli na ini la panya mzee hujirekebisha vizuri zaidi akichangia damu na kijana. Mwaka 2013 wenzao wa Harvard waliitaja protini ya GDF11 kuwa ndiyo siri, na miaka miwili baadaye watafiti wa Novartis wakawapinga.

Kisha wakaja wachuuzi. Kampuni ya Ambrosia ya Marekani iliuza lita moja ya plazma ya damu ya vijana kwa dola 8,000, hadi Februari 2019 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipoonya kuwa tiba hiyo haijathibitishwa na ina hatari zake.

Bogdanov alikosea, lakini aliyoihatarisha kwanza ni nafsi yake, wala hakutajirika. Hawa wa leo wanauza matumaini. Damu ya kijana ina mwenyewe anayeihitaji: mama aliyetokwa na damu nyingi akijifungua. Kachangie hospitalini, huko faida yake haina ubishi.