Jengo kwanza au watu kwanza?

Ndugu zangu, juzi kwenye kikao mmoja wetu aliuliza: "Tutaanzaje mambo ya teknolojia na hatuna hata jengo?" Swali zuri. Nimeona nilete historia kidogo.

Vijana wa kompyuta kuishi na kufanya kazi pamoja hakukuanza leo. Mwaka 2004 Mark Zuckerberg na wenzake walipanga nyumba Palo Alto, Marekani. Walilala humo, na Facebook wakaiendeleza humo humo. Mwaka 2005 Brad Neuberg akafungua San Francisco ukumbi wa meza za kushirikiana, kwa watu waliochoka kufanya kazi peke yao.

Sasa tuje huku kwetu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, Kenya iliwaka. Watu waliuawa, wengine wakakimbia makwao. Hiyo hatuhitaji kuelezwa. Ory Okolloh akaomba mtandaoni: nani anaweza kuonyesha kwenye ramani mahali ghasia zinapotokea? Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitika. Hawakuwa chini ya paa moja, hata nchi moja hawakuwa. Ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani.

Jengo lilikuja baadaye. Machi 2010 Hersman na wenzake walifungua iHub, ghorofa ya nne, Bishop Magua Centre, Ngong Road, Nairobi. Palikuwa na meza, intaneti ya kasi na kahawa, na wanachama wengi waliingia bila kulipa. Mwaka huohuo Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walianzisha M-Farm, ili mkulima ajue bei ya mazao kwa SMS. Mwaka 2016 Zuckerberg mwenyewe alikuja iHub kuangalia.

Lakini tuseme ukweli. Kijana wa Nairobi alipanda tu matatu akafika. Wewe wa Kakuma lazima upate kwanza kibali cha kutoka kambini. Kwa hiyo mlango wetu lazima uwe humu humu ndani.

Dada na kaka wa mashirika, msianze na kukata utepe. Tuleteeni umeme wa uhakika, intaneti, na chumba kisichofungwa saa kumi na moja jioni. Na sisi tusingoje. Tuna laptopu mbili na watu tisa. Jumamosi tukae meza moja. Nani anakuja?