2,147,483,647: Namba tasa inayosubiriwa na kompyuta

Tarehe 19 Januari 2038, itakapotimu saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta ambazo hazitakuwa zimerekebishwa huenda zikadhani zimerudi mwaka 1901. Kiini cha mkasa huo ni namba moja, 2,147,483,647, ambayo wanahisabati waliichunguza muda mrefu kabla ya kompyuta kuwapo.

Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja pamoja, kisha kutoa 1. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa za umbo hilo zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeziorodhesha mwaka 1644, na hii ni ya nane.

Mersenne aliitaja tu. Aliyeithibitisha ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, mwaka 1772, wakati huo akiwa karibu kipofu. Kwa njia ya kawaida, angelazimika kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341. Namba hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, sharti kibakize 1 au 63. Zikasalia namba tasa 84 tu za kujaribu, na hakuna hata moja iliyoigawanya.

Ikizidishwa kwa 1,073,741,824, huzaa 2,305,843,008,139,952,128. Hiyo ni namba timilifu: vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha ileile, kama vile 1, 2 na 3 zinavyofanya 6. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba haitapatikana iliyo kubwa zaidi, maana namba hizo hazina manufaa na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta. Mfaransa Édouard Lucas alijisumbua, na mwaka 1876 akapata kubwa zaidi.

Manufaa, au tuseme madhara, yalikuja na kompyuta. Programu nyingi zilitunza namba kwa biti 32: moja ya kuonyesha hasi au chanya, na 31 za kiasi chenyewe. Kwa hiyo kiasi kikubwa kuliko vyote ni namba ile ya Euler. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Sekunde moja baada ya kikomo, hesabu hugeuka hasi na kalenda huonyesha tarehe 13 Desemba 1901.

Mwaka 2014 YouTube ililazimika kupanua kihesabio chake baada ya watazamaji wa video ya Gangnam Style kukikaribia kikomo hicho.

Dawa ni biti 64, na kompyuta nyingi mpya zinazitumia. Wasiwasi umebaki kwa vifaa vya zamani vilivyofichika ndani ya mitambo, ambavyo wenyewe hawakumbuki kuwa vina saa. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hicho si namba tasa: 7 hukigawanya bila baki.