Wakfu, lugha na mtoto wa Kalokol

NENO wakfu tumelipata kwa Waarabu, na Pwani halihitaji maelezo. Mtu anatoa shamba au nyumba kwa ajili ya Mungu. Mali hiyo haiuzwi wala hairithiwi, na mapato yake yanaendesha msikiti au chuo. Siku hizi magazeti, hili likiwamo, yanayaita hivyo hata mashirika ya matajiri wa Marekani: Wakfu wa Ford, Wakfu wa Rockefeller. Tafsiri inapendeza, ila inaficha jambo. Mwenye kuweka wakfu Lamu aliishi jirani na wanafunzi wa chuo chake.

Mwaka 1924 Wakfu wa Phelps-Stokes wa New York ulituma tume Afrika Mashariki. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, na James Aggrey, mzaliwa wa Ghana ya leo, alikuwa mjumbe. Walipendekeza madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya mama. Penye makabila mengi ifuate lugha pana ya Kiafrika. Kizungu kingoje madarasa ya juu. Lakini mtoto huyohuyo afunzwe zaidi ukulima na kazi za mikono, kama shule za Weusi kusini mwa Marekani! Ndiyo maana wazazi wengi waliishuku lugha ya mama: waliiona mlango wa kwenda shambani. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete kwa fedha za Carnegie. Leo pale wanasomea watumishi wa serikali.

Baadaye Ford wakagharimia uchunguzi wa lugha Afrika Mashariki. Kitabu kuhusu Kenya, kilichohaririwa na W. H. Whiteley, kilitoka 1974, na kusema kweli bado tunakitegemea.

Turkana wakati wa Jones ilikuwa wilaya iliyofungwa. Hata hivyo pendekezo lile lilifika, kwa mlango wa nyuma: Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilitaka madarasa matatu ya kwanza yatumie lugha ya eneo. Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, hilo halina utata. Mtoto wa mvuvi anazungumza Kiturkana.

Sasa njoo Kakuma, kambi ya tangu 1992. Darasa moja lina Mdinka, Mnuer, Msomali na Mkongomani, na mtaala ni wa Kenya. Wakfu wa Vodafone, pamoja na UNHCR, umepeleka vishikwambi na intaneti. Lugha ya eneo hapo ni ipi? Kiturkana cha wenyeji nje ya kambi? Kiswahili cha sokoni? Kishikwambi hakiwezi kujibu, na mwalimu ndiye wa mwisho kuulizwa.