Kuelea Kwanza: Misingi ya Kuogelea na Usalama katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Tarehe 25 Julai ya kila mwaka ni Siku ya Kuzuia Kuzama Maji Duniani, iliyotangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio lililopitishwa Aprili 2021. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka huo wa 2021. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 5.

Kwa mkazi wa Kigoma na Ujiji, habari hizo si za mbali. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takribani kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, nalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Katika mialo ya Kibirizi, Ujiji na Katonga, ziwa hilo ni barabara, shamba, bafu na uwanja wa michezo kwa wakati mmoja. Akina mama hufua na kuosha vyombo, watoto huchota maji, wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zao, na siku za mapumziko vijana hushuka kuoga. Kwa sababu hiyo ni rahisi kuamini kwamba kila aliyezaliwa kando ya ziwa anajua kuogelea. Lakini kuoga ziwani ni jambo moja, kuogelea ni jambo jingine, na kujua la kufanya pale mguu unapokosa chini ni jambo la tatu. Hilo la tatu ndilo linalookoa maisha, na ndilo lisilofundishwa.

Hatari ya kwanza imo katika umbo la ziwa lenyewe. Ziwa hili limelala ndani ya Bonde la Ufa, na kingo zake ni kuta za bonde hilo. Ndiyo maana sehemu nyingi za mwambao hazina mteremko wa taratibu kama ule wa fukwe za Bahari ya Hindi. Mtu huweza kutembea hatua kadhaa maji yakiwa kiunoni, na hatua inayofuata asikute kitu chini ya unyayo. Hatari hiyo huongezwa na sifa ambayo wageni huipenda zaidi, yaani uangavu wa maji. Mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, hivyo chini huonekana karibu kuliko kulivyo: kina halisi cha mita 2 humwonekea anayetazama kutoka juu kama mita 1.5. Mtoto anayeyaona mawe waziwazi huamini kuwa maji yatamfika kifuani, kumbe yanampita kichwa.

Mwambao nao hausimami mahali pamoja. Wageni wanaotembelea Ujiji, mahali Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mwaka 1871, hushangaa kuambiwa kuwa enzi hizo maji yalikuwa jirani kabisa, ilhali leo ufukwe ni mwendo wa kutembea. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yalivunja kizuizi cha Mto Lukuga, unaolitoa ziwa maji kwa upande wa Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takribani mita 10. Miaka ya karibuni mwelekeo umekuwa kinyume. Tangu 2020 maji yamepanda na kufunika sehemu za fukwe pamoja na vilivyokuwa juu yake: misingi ya nyumba, nguzo, mashina ya miti. Aliyezoea kuruka kichwa kichwa mahali fulani miaka 10 iliyopita asidhani kuwa anapajua bado. Kupiga mbizi mahali usipopakagua kwa miguu kwanza ni kuiweka shingo rehani.

Sasa tuje kwenye kujifunza. Watu wengi hudhani kuogelea ni kurusha mikono kwa nguvu na kwenda mbali. Mwanafunzi anayeanza hivyo huchoka haraka, hunywa maji, na hutoka akiwa na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo. Somo la kwanza ni pumzi. Mwanafunzi asimame kwenye maji ya kiunoni, juu ya mchanga, asubuhi ambapo ziwa limetulia. Avute hewa kwa mdomo, atumbukize uso, aitoe polepole kwa pua na mdomo majini, kisha ainuke. Arudie hadi uso ukizoea maji na macho yakikubali kufunguka. Hatua hii huonekana ya kitoto, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Somo la pili ni kuelea. Mapafu yaliyojaa hewa ndiyo boya la kwanza la binadamu. Mwanafunzi alale chali, mwalimu akimshikilia kwa kiganja chini ya mabega. Masikio yawe ndani ya maji, kidevu kielekee juu, kifua kiinuliwe, mikono itandazwe. Anayeinua kichwa ili ajitazame miguu atazama kuanzia kiunoni, maana kila sehemu ya mwili inayotolewa nje ya maji huwa mzigo kwa iliyobaki ndani. Mwalimu asimame daima upande wa kilindi na mwanafunzi awe upande wa nchi kavu, ili akipoteza mwelekeo asukumwe kwenye usalama. Kuelea chali kukishashika, afundishwe kujigeuza: kutoka kifudifudi kwenda chali, na kutoka chali kwenda kifudifudi. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mtumbwi mara nyingi huingia majini uso ukiwa chini, na mgeuko huo mmoja ndio utakaomrudishia hewa.

Hapo ndipo miguu na mikono huingia. Mapigo ya miguu yaanzie nyongani, magoti yakilegea kidogo, wala si kukanyaga kama apandaye baiskeli. Mikono ivute maji kurudi nyuma, si kuyapiga kwa juu. Na mazoezi yote yafanyike sambamba na ufukwe, kamwe si kuelekea ziwani. Kipimo kinachotumiwa na walimu wengi ni hiki: mwanafunzi aingie kwenye maji yanayompita kimo, aibuke, aelee au ajishikilie wima kwa dakika 1, ageuke kutafuta pa kutokea, aogelee mita 25, kisha atoke mwenyewe. Asiyeweza hayo hajawa mwogeleaji, hata kama huvuka ghuba ndogo akiwa ameshikilia dumu. Anayehamia Kigoma kutoka Tanga au Unguja naye ajipime upya, kwani maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama yale ya bahari, na ataona miguu yake ikizama zaidi ya alivyozoea.

Ile desturi ya kumtupa mtoto kutoka kwenye mtumbwi ili "ajifunze mwenyewe" haina cha kuisifia. Wapo walioibuka wakiogelea, na ndio wanaoisimulia.

Wasichana wanastahili kutajwa peke yao. Wao ndio wanaotumwa ziwani kila siku kuchota maji na kuosha vyombo, lakini mchezo wa majini huachiwa wavulana, mara nyingi kwa sababu ya stara. Mfano wa karibu upo Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa na mavazi yanayositiri mwili mzima na wakisimamiwa na walimu wanawake. Ujiji, mji wenye historia ndefu ya Uislamu na ufukwe mpana wa mchanga, hauna sababu ya kushindwa na jambo hilo. Jambo la kuzingatia ni kwamba vazi liwe limebana kiasi, kwani kanga na kitenge hujizungusha miguuni mara vinapolowa.

Kuhusu wakati na mahali, upepo ndio wa kuutazama kwanza. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi ya ziwa hili hufanana na ya bahari. Upepo unaodanganya zaidi, hata hivyo, ni ule unaotoka nchi kavu: maji ya ukingoni huonekana yametulia, kumbe kila kinachoelea, awe mtoto juu ya mpira wa gari au mpira wa miguu unaofuatwa na vijana, husukumwa kuelekea katikati. Mpira ukienda, uachwe uende. Katika msimu wa mvua, ngurumo ya kwanza iwe amri ya kutoka majini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari za upepo na mawimbi kwa maziwa makuu, na ni vyema ukasikilizwa na waendao kuoga kama unavyosikilizwa na wavuvi.

Midomo ya mito, hasa Luiche na Malagarasi kusini mwa Ujiji, si mahali pa kuogelea. Maji yake ni ya tope, yana mkondo, na yana mamba na viboko. Kwenye miamba huishi swila wa majini, nyoka mwenye sumu anayekula samaki. Hana haja na binadamu, aachiwe njia yake. Kichocho hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na makazi. Aliyeoga sehemu kama hizo kwa mazoea aende kupimwa, kwani dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu.

Pombe na kuogelea havikai pamoja. Mwenye kifafa asiingie majini, wala asichote maji peke yake, bila mtu anayeijua hali yake na awezaye kumtoa. Mtoto mdogo asimamiwe na mtu mzima aliye umbali wa kumfikia kwa mkono, asiye na kazi nyingine. Kaka wa miaka 9 si msimamizi, na mama anayefua huku ameinama hawezi kuwa msimamizi pia. Mahali wanapokusanyika akina mama watano, mmoja anaweza kukaa zamu ya kutazama watoto wote huku wengine wakifua, kisha wakapokezana.

Kwa wasafiri wa boti, jaketi okozi livaliwe kabla ya kuondoka na lifungwe vifungo vyote. Lililo chini ya kiti halitavalika chombo kikipinduka. Ili kujua kama linamfaa mtoto, lishikwe mabegani na kuinuliwa: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, na abiria anayo haki ya kukataa kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi. Kuiona nchi kavu si kinga. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 katika Ziwa Victoria kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Boti ya mbao ikipinduka, aliyeweza kuishika abaki nayo, kwa kuwa mbao huelea na huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu.

Methali yasema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hili methali inatupoteza kidogo. Wengi wanaokufa maji hawapigi kelele wala hawapungi mkono, kwa sababu mdomo unapoibuka hutafuta hewa tu, na mikono huwa imetandazwa ikiyakandamiza maji. Kichwa hulala nyuma, macho hukodoa, mwili husimama wima bila kwenda popote. Yote hayo huweza kumalizika ndani ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele za mchezo na ghafla akanyamaza ndiye wa kutazamwa.

Anayeona hali hiyo asijitose mara moja. Anayezama humkumbatia mwokozi kwa nguvu zote, na familia moja hujikuta ikizika wawili. Apige yowe la kuita watu, anyooshe kasia, mti au kitenge kilichosokotwa akiwa amelala au ameshika kitu imara, au arushe kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linatosha kumshikilia mtu mzima, hasa likifungwa kamba. Kila mwalo unaweza kuwa nalo moja lililotundikwa mahali panapojulikana na lisiloguswa kwa kazi nyingine.

Akitolewa, asining'inizwe kichwa chini wala asikandwe tumbo. Kufanya hivyo hupoteza muda na humtapisha, na matapishi huingia mapafuni. Kama hapumui, alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinamishwe nyuma, pua ibanwe, apewe pumzi 2 hadi 5 mdomo kwa mdomo. Asiposhtuka, akandamizwe katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima na theluthi moja ya unene wa kifua kwa mtoto, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Wakati huo mtu mwingine apige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, au Polisi kwa 112. Aliyezinduka apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni hata kama anasema yu mzima, kwani maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.